Kioo cha Kushoto, Nyuma

Jumanne usiku, Semarang, mvua imekata umeme.
Nimegeuza bili ya umeme upande usioandikwa,
nikachora safu tatu kwa penseli ya Galih:
Cisarua. Prigen. Gianyar.
Mshumaa umesimama kwenye kisosi.
Bustani tatu za safari,
na ndani yake hakuna mnyama aendaye popote.
Wasafiri ni sisi.

Cisarua kuna panda, anasema Galih,
panda! akila mianzi ameketi kitako
kama karani aliyestaafu.
Ameshamchora pembeni, masikio kwanza.
Kuna pia mteremko wa Puncak, anasema baba yake,
Jumamosi magari ya Jakarta husimama pale
hadi wauza karoti wakayajua majina ya watoto wako.
Naandika: panda. Naandika: foleni.
Naandika: karoti, mafungu mawili, nunua kabla ya lango.

Gianyar ni mbali. Usiku kucha barabarani,
kisha feri ya Ketapang, kisha barabara tena,
na kiingilio chake, kila nikikitamka,
Prayitno hukohoa.
Lakini nasikia huko, giza likiingia,
watu ndio hutiwa kizimbani, kizimba chenye magurudumu,
na simba hupanda juu ya paa kuwakagua.
Haki kidogo, nasema.
Hakuna anayecheka.

Prigen iko miguuni pa mlima Arjuno.
Wifi yangu Winarti ana chumba Pandaan,
godoro moja, mkeka mmoja, maneno mengi.
Malazi: sifuri.
Sifuri hiyo naizungushia duara mara mbili.

Na kokote uendako, sharti ni moja:
ukiingia na gari lako, vioo juu.

Hapo Prayitno akanyamaza.
Kijang yetu ina umri kunizidi miaka ya ndoa,
na kioo cha kushoto, nyuma,
kilizama mlangoni Idi ya mwaka juzi,
hakijaibuka.
Tumeziba kwa nailoni na gundi.
"Chui milia," akauliza Galih,
"anajua nailoni ni nini?"

Mbah Sumirah alikuwa akimenya vitunguu gizani,
vidole vyake havihitaji taa.
Aliishi Lampung miaka kumi na mmoja,
enzi zile watu wa Java walipopakiwa melini
na kupewa jembe na kipande cha msitu.
"Ndovu wa kule hawakuuliza habari za vioo," akasema.
"Walikuja saa nane usiku, wakala mihogo ya miezi tisa.
Mimi napiga sufuria, mume wangu anapiga bati,
wao wanatafuna, wanatutazama.
Asubuhi nyayo zimejaa maji,
na Prayitno huyu anaoga ndani ya unyayo mmoja.
Leo nilipe nimwone?"

Kitunguu kimoja kikapita.

"Huko Prigen, vyoo viko karibu?"

Jumamosi fundi Jumadi aliufungua mlango,
akatoa kijiko, njumu ya mtoto, sarafu tatu
na barua ya benki tuliyodhani haikufika.
Kisha akataja bei ya mota:
tiketi mbili kamili, na karoti.
Nikarudi kwenye bili yangu.
Gianyar nikaipiga mstari, haikuuma.
Panda nikamfuta polepole, Galih akitazama,
nikamwachia masikio.

Jioni hii, uani,
kioo kinashuka, kioo kinapanda,
kinalia kama mlango wa zahanati.
Galih anapenyeza karoti kwenye upenyo,
mbuzi wa jirani anaivuta kwa upande wa pili,
na Prayitno, mikono kiunoni, anafoka,
"Vioo juu! Vioo juu!"

Zimebaki siku kumi na mbili.
Mbah Sumirah yuko kiti cha mbele,
mkoba mapajani,
amefunga mkanda.